Urani Ndani ya Kobalti: Hesabu ya Mzigo Uliokwama Kolwezi

Tarehe 6 Novemba 2018 kampuni ya Katanga Mining, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la Toronto nchini Kanada, ilitoa tangazo fupi lililowatia wasiwasi wenye hisa wake. Kampuni ilieleza kwamba mgodi wake wa Kamoto Copper Company, ujulikanao kwa kifupi kama KCC, ulioko Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umesimamisha kwa muda usafirishaji na uuzaji wa kobalti. Sababu iliyotolewa ni kwamba ndani ya haidroksidi ya kobalti iliyokuwa ikitengenezwa hapo kumegunduliwa urani, tena kwa kiasi kinachozidi kikomo kinachoruhusiwa kwa bidhaa zinazopitishwa katika bandari kuu za Afrika. Kampuni iliongeza kwamba mionzi iliyopimwa hadi siku hiyo ni hafifu na haihatarishi afya wala usalama wa watu.

Siku hiyo hiyo bei ya hisa ilishuka. Zao lililotazamiwa kuleta faida kubwa lilikuwa limerundikwa ghalani, halali kuzalishwa lakini si halali kusafirishwa. Kwa mfanyabiashara, hilo ni tatizo la soko. Kwa mwanasayansi ni tatizo la kemia, fizikia na jiolojia kwa pamoja. Makala haya yanaeleza jinsi urani ilivyoingia katika kobalti, jinsi inavyoweza kuondolewa, na swali moja ambalo hesabu ya wawekezaji haikulifikia.

Zao linalozaliwa pembeni

Kobalti ni metali ngumu, ya rangi ya kijivu yenye kung'aa, na namba yake ya atomi ni 27. Mwili wa binadamu huihitaji kwa kiasi kidogo mno, kwani atomi moja ya kobalti imo katikati ya kila molekuli ya vitamini B12. Viwandani hutumika katika aloi za injini za ndege zinazostahimili joto kali, katika sumaku, na hasa katika elektrodi chanya za betri za lithi zinazoendesha simu na baadhi ya magari ya umeme. Katika miaka hiyo karibu asilimia 70 ya kobalti yote iliyochimbwa duniani ilitoka Kongo.

Hata hivyo, mgodi wa KCC haukufunguliwa kwa ajili ya kobalti. Ulifunguliwa kwa ajili ya shaba. Kobalti hutoka pamoja na shaba katika mbale zile zile, yaani mawe yale yale yenye madini, na hupatikana baada ya shaba kuondolewa. Kwa hiyo huitwa zao la kando. Zao la namna hii lina tabia moja muhimu: kiasi chake hakifuati bei yake. Mwenye mgodi anapochimba shaba zaidi, kobalti nayo huongezeka, soko liitake lisiitake. Ndiyo maana, tangazo lilipotolewa, shaba iliendelea kuzalishwa na kuuzwa, na kobalti ikaendelea kulundikana. Kusimamisha moja bila kusimamisha nyingine si jambo jepesi.

Jirani wa kale ardhini

Wapo waliostaajabu kusikia kwamba kuna urani Kolwezi. Mwanajiolojia hakustaajabu. Ukanda wa shaba wa Katanga ulitokana na maji ya moto yenye chumvi yaliyopenya katika matabaka ya miamba mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, yakibeba metali zilizoyeyuka na kuziacha pale hali ya kikemia ilipobadilika. Shaba, kobalti, nikeli na urani zilisafiri katika maji ya namna hiyo, na mahali pengine zilituama pamoja. Karibu na uso wa nchi, ambako hewa na mvua vimeyageuza madini hayo, urani huonekana katika rangi za kupendeza za manjano na kijani. Makumbusho mengi ya madini duniani huhifadhi fuwele za urani zilizotoka Musonoi, kando ya Kolwezi.

Mahali palipojulikana zaidi ni Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuichimba miaka ya 1920. Lakini wakati ule lengo halikuwa urani. Lengo lilikuwa radiamu, iliyotakiwa hospitalini na viwandani. Radiamu huzaliwa polepole kutokana na kuvunjika kwa urani, na katika mbale za kale uwiano wake na urani haubadiliki: gramu moja ya radiamu hukaa pamoja na takriban tani tatu za urani. Mwenye kutaka gramu hiyo moja alilazimika kubaki na tani tatu za kitu ambacho watu wachache tu walikihitaji, wakiwamo watengenezaji wa vigae na vioo vya rangi.

Baada ya mpasuko wa kiini cha urani kugunduliwa mwishoni mwa mwaka 1938, thamani ilipinduka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo, aliamuru takriban tani 1,200 za mbale za Shinkolobwe zisafirishwe hadi New York, zikahifadhiwa kisiwani Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Hivyo, katika nchi moja na kwa muda usiozidi karne moja, kitu kile kile kilikuwa kwanza mabaki ya radiamu, kisha hazina ya vita, na hatimaye uchafu ndani ya kobalti. Atomi ya urani haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jina ambalo soko liliipa.

Safari ndani ya kiwanda

Mpishi akikuta chuya katika mchele, huzichagua moja moja akazitupa. Chumvi ikizidi katika mchuzi, hakuna la kuchagua, maana imekwisha kuyeyuka. Urani ya Kolwezi ni ya namna ya pili.

Mbale husagwa zikawa unga, kisha unga huchanganywa na asidi ya salfuriki. Kobalti iliyomo katika madini ya Kolwezi huwa imefungamana na oksijeni kwa namna isiyoyeyuka kwa urahisi, kwa hiyo huongezwa kemikali yenye salfa ili kuigeuza iwe ioni yenye chaji chanya mbili. Shaba huyeyuka, kobalti huyeyuka, na pamoja nazo huyeyuka chuma, alumini, manganizi na urani. Urani ya mbale za juu imekwisha kuoksidishwa na hewa, na katika hali hiyo hupenda sana asidi ya salfuriki. Kwa hakika, viwanda vingi vinavyotafuta urani yenyewe hutumia asidi hiyo hiyo.

Hatua inayofuata ni kuiondoa shaba. Mmumunyo hukutanishwa na kiyeyushi cha mafuta chenye kemikali ambayo hushika ioni za shaba na kuziacha nyingine zipite. Baadaye shaba huachiliwa, hupitishiwa umeme, na kuganda juu ya mabamba ikiwa safi. Kwa kuwa imepita katika vichujio viwili, cha kemikali na cha umeme, shaba huiacha urani nyuma. Hii ndiyo sababu shaba ya KCC iliendelea kuuzwa wakati kobalti imezuiwa.

Mmumunyo uliobaki huondolewa ukali wa asidi kwa kutiwa chokaa kidogo kidogo. Kila metali ina kiwango chake cha pH ambapo hutuama na kuwa mashapo. Chuma hutangulia, alumini hufuata, na kobalti huja mwisho, mara nyingi kwa kutiwa oksidi ya magnesi, pH ikiwa karibu na 8. Urani huanza kutuama kabla ya kobalti, lakini si yote. Ile inayosalia hushuka pamoja na kobalti katika tope moja. Tope hilo, likikamuliwa maji na kutiwa katika magunia makubwa, ndilo haidroksidi ya kobalti iuzwayo nje, na kwa sehemu kubwa hupelekwa China kusafishwa.

Yafaa kutambua pia kwamba radiamu haifuati njia hii. Salfeti ya radiamu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo radiamu nyingi hubaki na unga wa mawe uliokwisha kukamuliwa, na kupelekwa katika bwawa la makapi. Hivyo jamaa moja ya elementi nururifu, yaani zitoazo mionzi zenyewe, hugawanywa na kemia: mzazi huondoka na kobalti, na watoto wake wengi hubaki nyumbani.

Kikomo maana yake nini?

Unururifu hupimwa kwa bekereli. Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomi kinachovunjika katika sekunde moja. Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huruhusu mbale na bidhaa zenye unururifu wa asili zisafirishwe kama mizigo ya kawaida, mradi kiasi cha urani ya asili kisizidi bekereli 10 kwa kila gramu. Zaidi ya hapo mzigo huhesabiwa kuwa nururifu, nao huhitaji vifungashio, hati na vibali maalumu. Si kila bandari, si kila meli, wala si kila mnunuzi aliye tayari kwa hayo.

Mwanafunzi anaweza kukigeuza kikomo hicho kiwe uzito. Nusumaisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47. Kutokana na tarakimu hiyo hupatikana kwamba gramu moja ya urani-238 hutoa takriban bekereli 12,400. Bekereli 10 zikigawanywa kwa 12,400 hupatikana gramu 0.0008. Kwa hiyo haidroksidi iliyo hasa kwenye kikomo, ikihesabiwa urani-238 peke yake, ina urani kiasi cha asilimia 0.08, yaani gramu 800 hivi katika kila tani.

Je, hicho ni kidogo au ni kingi? Jibu hutegemea kinalinganishwa na nini. Mgodi wa Rössing nchini Namibia, ulioanza kuzalisha mwaka 1976 na ambao kazi yake ni kutoa urani, huchimba mbale zenye urani ya kiasi cha asilimia 0.03 tu. Bidhaa ya kobalti iliyo kwenye kikomo ina urani zaidi ya mara mbili ya mbale hizo kwa kila tani. Kwa upande mwingine, mtu anayepita kando ya gunia la bidhaa hiyo hapati madhara ya mara moja, kwa maana mionzi ya alfa inayotolewa na urani huzuiwa hata na karatasi. Hatari yake hutokea vumbi linapovutwa mapafuni au urani inapoingia katika maji ya kunywa na kudhuru figo. Kampuni iliposema kwamba mionzi ni hafifu, ilijibu swali la aliyesimama kando ya gunia. Anayekunywa maji ya kisima ana swali lingine.

Jambo la pili kuhusu kikomo hiki ni kwamba ni kikomo cha safari. Hupima kinachotoka. Magari ya mizigo kutoka Kolwezi hupita Zambia kuelekea Durban, Dar es Salaam na bandari nyingine, na kikomo kimewekwa ili kuwalinda madereva, makuli, mabaharia na watu wa njiani. Hiyo ni kazi njema. Lakini kikomo cha safari hakisemi neno juu ya kisichosafiri.

Maswali ya wawekezaji

Wenye hisa walikuwa na maswali matatu, na yote yalikuwa ya haki.

Swali la kwanza lilikuwa la muda. KCC ilikuwa imerudi kazini mwezi Desemba 2017 baada ya kusimama tangu Septemba 2015 ili kujenga upya mitambo yake. Mwaka 2018 ndio uliotarajiwa kuanza kurudisha fedha hizo. Kampuni ilieleza kwamba mtambo wa kuondoa urani unatazamiwa kuwa tayari kufikia katikati ya mwaka 2019.

Swali la pili lilikuwa la gharama. Mtambo huo ulikisiwa kugharimu takriban dola milioni 25 za Kimarekani. Kwa mgodi wa ukubwa ule, kiasi hicho si cha kuuangusha.

Swali la tatu, lililokuwa zito kuliko mengine, lilikuwa la bei. Hadi siku ya tangazo, kobalti iliyozuiwa ilikuwa tani 1,472, zikihesabiwa kama metali iliyomo ndani ya haidroksidi. Mapema mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya dola 90,000. Wakati wa tangazo bei ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kufikia Machi 2019 ilikuwa chini ya dola 40,000. Haidroksidi huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya metali safi, lakini bei hizo mbili huteremka pamoja. Kwa kipimo cha metali safi, kila bei iliposhuka kwa dola 10,000, rundo lile la tani 1,472 lilipoteza dola milioni 14.72 bila gunia hata moja kuondoka mahali pake. Bei ikishuka mara mbili kwa kiasi hicho, hasara huzidi gharama ya mtambo wenyewe.

Ndipo inapoonekana kwa nini wawekezaji walihofu kungoja kuliko walivyohofu urani. Muda ulikuwa ghali kuliko kemia. Na zaidi ya asilimia 85 ya hisa za Katanga Mining zilikuwa mikononi mwa kampuni moja kubwa ya biashara ya madini, Glencore ya Uswisi, huku robo ya mgodi wenyewe ikiwa upande wa Gécamines, shirika la umma la Kongo, na washirika wake. Kwa hiyo hasara ya kungoja haikuwa ya wageni peke yao. Hazina ya Kongo nayo ilikuwa na sehemu katika rundo lile.

Chujio la ioni

Njia iliyochaguliwa inaitwa ubadilishaji wa ioni, na kila shule yenye maabara inaweza kuieleza. Ndani ya mmumunyo wa asidi ya salfuriki, kobalti huelea ikiwa ioni yenye chaji chanya. Urani nayo huanza ikiwa na chaji chanya, lakini hujizungushia salfeti mbili au tatu, na kila salfeti ina chaji hasi mbili. Jumla yake huwa chaji hasi. Basi mmumunyo ukipitishwa katika mapipa yaliyojazwa chembe ndogo za resini ambazo hushika ioni hasi, urani hunaswa na kobalti hupita. Resini ikijaa, huoshwa kwa mmumunyo mwingine, urani hutoka, na resini hutumika tena.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haitumii ukubwa wa chembe wala uzito wake. Hutumia tofauti ya chaji, tena tofauti iliyoletwa na ile ile asidi iliyosababisha tatizo. Mwalimu anayefundisha ioni changamani hatapata mfano bora zaidi kutoka Afrika.

Lakini hapa ndipo swali la nne linapozaliwa, nalo halikuwa katika orodha ya wawekezaji. Urani iliyonaswa inapelekwa wapi?

Upande wa pili wa daftari

Kanuni ya hifadhi ya masi, inayofundishwa katika miaka ya mwanzo ya sekondari, husema kwamba maada haipotei katika mabadiliko ya kikemia. Ikitumiwa hapa, hesabu yake ni nyepesi. Haidroksidi kavu ya kobalti huwa na kobalti ya kiasi cha asilimia 30. Tani 1,472 za kobalti basi hukaa katika tani 4,900 hivi za haidroksidi. Kama shehena hiyo yote ingekuwa hasa kwenye kikomo cha bekereli 10, ingekuwa na urani ya karibu tani 4. Hiyo ni kwa miezi michache tu ya kazi ya mgodi unaotazamiwa kuishi miongo kadhaa.

Urani hiyo ina njia tatu tu. Ya kwanza ni kuondoka na kobalti, na kuwa kazi ya msafishaji wa ng'ambo. Ya pili ni kukusanywa na kuuzwa kama urani, jambo linalohitaji leseni, ulinzi na usimamizi wa kimataifa. Ya tatu ni kubaki Kolwezi, ndani ya bwawa la makapi au katika ghala maalumu. Kikomo cha bandari kinapobanwa bila mpango mwingine, njia ya kwanza hupungua na ya tatu huongezeka. Bidhaa huwa safi zaidi na mabaki huwa machafu zaidi, kwa kiasi kile kile.

Shirika la Afya Duniani limependekeza urani katika maji ya kunywa isizidi maikrogramu 30 kwa lita. Kilo moja ya urani ina maikrogramu bilioni moja. Ikiyeyuka yote, hutosha kuzifikisha lita milioni 33 za maji kwenye kikomo hicho. Ni kweli kwamba urani ya bwawani haiyeyuki yote kwa mara moja, na bwawa lililojengwa vizuri, lenye sakafu isiyovuja na maji yaliyopunguzwa asidi, huweza kuizuia kwa muda mrefu. Hesabu hii inaonyesha tu kwa nini ubora wa bwawa ni jambo la kupimwa, wala si la kudhaniwa.

Historia ya Katanga inatoa tahadhari. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe, na mwaka huo huo mashimo ya wachimbaji wadogo, walioendelea kutafuta kobalti humo, yaliporomoka na kuua watu. Mwaka 2007 tani kadhaa za mbale nururifu zilizokamatwa, ambazo zilikuwa zimeamriwa zirudishwe na kufukiwa Shinkolobwe, zilimwagwa katika mto Mura karibu na Likasi. Katika matukio hayo yote mawili amri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba mzigo uliokataliwa umefika ulikotakiwa kufika.

Lipo pia suala la wakati. Kiwanda cha Luilu, ambamo mbale za KCC husafishwa, kilijengwa mwaka 1960 na Union Minière. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zilitaifishwa, zikaangukia mikononi mwa shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 2000 wakaingia wawekezaji binafsi. Mwaka 2020 Katanga Mining yenyewe iliondoka katika soko la hisa la Toronto, Glencore ilipowalipa wenye hisa wadogo waliobaki. Katika miaka 60 wenye mali wamebadilika mara kadhaa, na makapi ya kila mmoja yangali palepale. Mwenye hisa anaweza kuuza hisa zake kabla ya chakula cha mchana. Mkazi wa Kolwezi, anayelima kando ya mto Luilu au kuchota maji Musonoi, hana hisa ya kuuza.

Yaliyofuata

Mwezi Aprili 2019 KCC ilianza tena kusafirisha kiasi kidogo cha kobalti, kile kilichotimiza masharti ya usafirishaji ya Kongo na ya kimataifa. Uzalishaji, uliokuwa takriban tani 11,100 mwaka 2018, ulifikia karibu tani 23,900 mwaka 2020. Kwa macho ya soko, jambo lilikuwa limekwisha.

Jiolojia haikukubali. Mwaka 2024 mgodi mwingine wa hapo hapo Kolwezi, ulio chini ya kampuni ya Commus, ulizuiwa nao kwa sababu ya bidhaa zilizokutwa na unururifu unaozidi kiwango. Kampuni ni nyingine, wawekezaji ni wengine, lakini miamba ni ile ile. Hili lathibitisha kwamba urani si ajali ya mgodi mmoja, bali ni sehemu ya kawaida ya ukanda wote, nayo yapasa kuingizwa katika mipango tangu siku ya kwanza ya uchimbaji.

Namna ya kufanya hivyo si siri. Mbale hupimwa urani kabla ya kusagwa, ili zile zenye nyingi zitengwe. Kiwanda huandika hesabu kamili ya urani: iliyoingia na mbale, iliyotoka na kobalti, iliyonaswa na resini, na iliyokwenda bwawani. Hesabu hiyo ikikaguliwa na mamlaka ya nchi na kuwekwa wazi, tarakimu za pande mbili lazima zilingane, na zisipolingana kuna mahali urani inavuja. Mwisho, fedha za kulitunza bwawa baada ya mgodi kufungwa huwekwa akiba wakati mgodi ungali unapata faida, na kuhesabiwa kuwa deni katika vitabu vya kampuni. Mwekezaji anayeliona deni hilo leo hukisia thamani ya hisa kwa usahihi zaidi kuliko yule anayetazama bei ya kobalti peke yake.

Darasani, mwalimu anaweza kuwagawia wanafunzi tarakimu zilizomo katika makala haya na kuwataka waandike daftari hilo la urani kwa mwaka mmoja wa mgodi wa kubuni: tani za mbale zilizoingia, asilimia ya urani, sehemu iliyotoka na bidhaa, sehemu iliyobaki. Kisha wabanwe kikomo cha bandari kutoka bekereli 10 hadi 5 na kuulizwa ni safu ipi ya daftari iliyopungua na ni ipi iliyoongezeka. Watagundua kwamba jumla haikusogea, na kwamba safu iliyoongezeka ndiyo ile ambayo tangazo la Novemba 2018 halikuitaja.